Madirisha ya Upande wa Kulia

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini Mama amenilea hivyo, na sitaki kuanza kwa kukosa adabu, kwa sababu nikishaanza kueleza yaliyonileta sidhani kama adabu itafika mbali.

Dohani zako zimefika.

Zililetwa jana alasiri na gari la kiwanda kutoka Foshan, zote mbili, zimeviringishwa nailoni ya mapovu kama mayai. Lifti ya jengo letu imeharibika tena, kwa hiyo zilipandishwa kwa ngazi huku majirani wakifungua milango kutazama. Sasa zimesimama kwenye korido mbele ya mlango wetu hapa Sanyuanli, Guangzhou. Ni ndefu kunishinda. Zimepakwa rangi ya matofali mekundu yaliyozeeka, na kule juu kuna doa jeusi la moshi, la kuchora, ili mtu adhani moto umewaka chini yake miaka na miaka. Jirani wa chumba cha pili tayari ametundika mwavuli kwenye mojawapo. Mama alitoka, akazitazama, akarudi ndani na kufunga mlango. Mimi nilibaki nikaigonga moja kwa kidole. Inalia kama ndoo.

Ni plastiki, Baba.

Nimejaribu kukuelewa tangu jana. Kama ungekuwa unajenga Dar es Salaam, ningesema sawa, ni urembo, kule nani anaota moto. Lakini unajenga Njombe. Njombe, ambako Bibi analala na sweta na soksi za suruali juu ya soksi za kawaida. Njombe, ambako mwezi wa sita majani yanaamka meupe na maji ya kunawa yanauma vidole. Nchi nzima sijui kama kuna mahali pengine ambapo mtu akijenga dohani atashukuriwa kiasi hicho, tena kwa mama yako mzazi, nawe ukaenda kuagiza dohani ambayo ukiiwashia moto itayeyuka.

Ningekuuliza ana kwa ana. Ungecheka kwanza, halafu ungesema, "Injinia wangu, acha watu waone kwanza, moto utakuja." Hilo ndilo lilikuwa jibu lako kwa kila kitu. Acha watu waone kwanza.

Basi watu wameona. Ngoja nikueleze hali ilivyo, tena kwa mpangilio, maana Mama anasema nikiwa na hasira naruka ruka kama mtu anayevuka tope.

Ulipotutoka, baada ya Pasaka, uso wa nyumba ulikuwa umekamilika. Uso tu. Vilele vitatu vya paa vyenye pembe kali, mlango wa upinde katikati, kuta zilizopigwa lipu ya rangi ya jiwe, nafasi za madirisha marefu chini na juu. Ukisimama barabarani unaona jumba la kizamani la Kiingereza, kama yale yaliyojengwa na mabwana wa mashamba, linalokutazama kutoka kwenye mlima wa Wabena. Ukipita mlangoni unakuta nyasi. Halafu kamba ya Bibi ya kuanikia nguo. Halafu nyumba yenyewe ya Bibi, ya matofali ya kuchoma na vyumba vitatu, ileile ulimozaliwa.

Tulikuzika nyuma, kwenye miti ya mapeasi, kando ya Babu. Sijawahi kukwambia jambo moja la siku ile. Njia ya kutoka barabarani inapita mlangoni kwako, huku na huku kumejaa mchanga na kokoto za fundi, kwa hiyo jeneza lilipitishwa pale. Waombolezaji wote waliingia nyumbani kwako kwa mlango mkubwa na kutokea kwenye nyasi. Jeneza lilipita bila kugusa upande wowote. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshikwa mkono na Mama, na nilichokuwa nafikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba mlango huu angalau tuliupima vizuri.

Kwa sababu mengine hatukuyapima vizuri, Baba. Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Unakumbuka Jumamosi zetu. Unavaa suti ya kijivu, Mama anavaa lile gauni la kitenge lenye mabega, mimi nasukwa upya, tunapanda treni ya chini ya ardhi hadi ng'ambo ya mto, kwenye ule mtaa mpya ambao walikuwa wanauza fleti. Wale wauza fleti walikuwa wamejenga ukumbi wa kupokelea wanunuzi kwa mfano wa jumba la Kiingereza, lenye mti mkubwa wa bandia mlangoni. Tulijifanya wanunuzi. Dada wa mapokezi alikuwa anatuletea chai na pipi za maziwa, anakuita laoban, bosi, nawe unatikisa kichwa kama mtu anayefikiria ghorofa ya ngapi inamfaa. Kisha unaomba kupiga picha za familia.

Picha za familia! Mama hayumo hata katika moja. Nimo mimi tu, nimesimama kando ya kila dirisha, kila nguzo, kila pembe, mikono mbavuni. "Simama wima, usicheke, wewe ndiye rula yangu." Hukuweza kutoa tepu mbele ya walinzi, ukaniweka mimi. Nyumbani uliniegemeza kwenye mlango wa jikoni, ukanipima, ukaandika urefu wangu kwa kalamu ya wino mzito, na tangu hapo kila dirisha likawa mimi mara mbili, au mimi na nusu. Nilijivuna sana. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu anajenga jumba kwa kipimo changu.

Siku moja upepo ulipeperusha kofia yangu nyuma ya ule ukumbi. Nilizunguka kuifuata, nikaona kilichokuwa huko. Chini kulikuwa na chumba kile cha chai tu. Ghorofa ya juu haikuwepo. Yale madirisha mazuri ya juu yalishikiliwa kwa vyuma na mbao, kama bango la matangazo, na nyuma ya vioo walikuwa wamepaka rangi ya samawati iliyofifia ili ionekane kama pazia. Nilikueleza ndani ya treni tukirudi. Nilidhani utashtuka. Ulikuwa unamenya chungwa, hukuacha hata kumenya. Ulisema, "Sisi tunataka mbele tu. Nyuma tutaweka wenyewe."

Ukaniwekea kipande cha chungwa mkononi, na mimi nikaridhika. Nilikuwa mdogo.

Basi ukampelekea fundi Mgaya picha za mbele na michoro ya mbele, naye, mtu wa watu, akajenga mbele. Ulipofariki alimpigia Mama kuuliza kama kuna mchoro wa nyuma. Mama aliniuliza mimi. Nilipekua meza yako ya ofisini kwenye jengo la Tianxiu, kompyuta yako, simu yako. Nilikuta picha zangu nimesimama kando ya madirisha, mamia, na hakuna hata moja ya nyuma.

Halafu fundi akatuma ujumbe wa sauti mwingine. Alianza kwa salamu ndefu na pole nyingi, akafika kwenye shida polepole kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Alisema kuna jambo alikuwa anamheshimu marehemu asimwambie, lakini sasa vioo vya madirisha uliyonunua huku vinataka kusafirishwa na lazima lisemwe: madirisha ya upande wa kulia ni mafupi kuliko ya kushoto. Yeye kajenga kama michoro ilivyosema. Lakini jumba linakonyeza.

Alisema hivyohivyo, linakonyeza. Mama alicheka kidogo, halafu akalia, halafu akaniambia nikamalize hesabu zangu za shule.

Mimi sikumaliza hesabu za shule. Nilifungua picha zako nikaziangalia upya, na Baba, ilinichukua muda mfupi mno kuona. Kwenye picha za upande wa kushoto sina jino la mbele. Kwenye picha za upande wa kulia nina meno yote, nimevaa sare ya madarasa ya juu, na suruali imenipanda juu ya kifundo cha mguu. Ulianza kulipima jumba lile nikiwa mtoto na ukamaliza nikiwa karibu kumfikia Mama begani. Lakini urefu uliotumia ni uleule ulioandika mlangoni mara ya kwanza. Hukurudi kunipima. Kila nilivyokua, madirisha yakapungua.

Wewe ndiye uliyekuwa unalalamika kila muhula kwamba viatu vimenibana tena, kwamba nakua kama mahindi ya mbolea. Ulijua kabisa kwamba nakua. Ulijua dukani, hukujua kwenye mchoro. Niliukasirikia mlango wa jikoni nikachukua sponji kufuta ile alama yako, nikaisugua, haikutoka. Sasa nafurahi kwamba haikutoka, lakini wakati ule sikufurahi.

Kule nyumbani, watu walikuwa wameupa ukuta jina. Wanauita Kalenda, kwa sababu kwa mbele unafanana na picha za kalenda za ukutani, na ukiufunua hakuna kitu. Mtu akielekeza njia anasema ukifika Kalenda pinda kushoto. Baba mdogo Eze aliona aibu. Siwezi kumlaumu, yeye ndiye anayekaa pale na kusalimiwa. Alimwambia Mama kwamba kabla mvua haijachanganya atauangusha ule ukuta, na matofali atajengea fremu nne za maduka pale barabarani, zipangishwe, Bibi apate chochote cha mwezi. Alisema bila ubaya. Alisema kaka alikuwa na ndoto, lakini ndoto haiezekwi bati. Na Mama akawa anaanza kukubali. Huku nako kuna mfanyabiashara wa Kikongo aliyekuwa tayari kuyachukua madirisha yote yaliyoko stoo. Ilibaki wakala wa mizigo aambiwe tu kama mzigo wetu unaingia kwenye kontena linaloondoka bandari ya Nansha au hauingii. Akikosa jibu hadi Jumatatu, nafasi yetu anampa mwingine.

Kwa hiyo unaona kilichokuwa kinataka kutokea. Kila kilichobaki cha kazi ya mikono yako kilikuwa kinakwenda kuwa fremu za maduka na madirisha ya mtu wa Lubumbashi, na mimi sikuwa na la kusema isipokuwa kwamba sitaki. Mama amenifundisha kwamba "sitaki" si hoja.

Nikaenda kuitafuta hoja.

Mwalimu wetu wa historia, Madam Esi, Mghana, mkali kidogo, alitutaka kila mmoja achague jengo na kulieleza. Nilisema nataka majumba ya kizamani ya mashambani Uingereza. Aliniangalia juu ya miwani akauliza kwa nini msichana wa Njombe anayeishi Guangzhou anataka kueleza nyumba za mabwana wa Kiingereza. Nilisema, kwa sababu tuna moja. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alinipa kitabu kinene chenye michoro ya majumba yaliyokatwa katikati kama keki, unaona ndani vyumba vyote, akasema nisimletee sifa za uzuri, nimletee sababu. Kwa nini dirisha liko pale na si kwingine.

Nilisoma nikiwa nimekukasirikia, Baba, na labda ndiyo maana nilisoma vizuri. Nilikuwa natafuta ushahidi kwamba hukuwa unajua unalofanya.

Lakini hayo majumba hayakuanza kama majumba. Yalianza kama chumba kimoja. Ukumbi mmoja mrefu kwenda juu hadi kwenye paa, moto katikati ya sakafu, bwana na watumishi na mbwa wote humo humo, wakila, wakilala, moshi ukijitafutia njia kwenye paa. Baadaye mtu akaongeza chumba pembeni. Mjukuu wake akaongeza jiko. Dohani zilikuja nyuma kabisa, watu walipochoka kukohoa. Na mara nyingi, soma hapa Baba, mara nyingi mwenye nyumba alipotajirika hakubomoa nyumba ya zamani. Aliijengea uso mpya mbele yake. Wapita njia waliona mawe yaliyochongwa na madirisha yaliyopangwa sawasawa, kumbe nyuma ya uso huo kulikuwa na nyumba ileile ya mababu, ya miti na udongo, ya dari za kuinamia. Kuna madirisha ya kule yasiyo na chumba nyuma yake. Kuna majumba yenye bawa la upande mmoja kwa sababu mwenyewe alikufa kabla ya kufika upande wa pili. Kwenye kitabu kuna moja ambalo madirisha yake hayalingani kabisa, na mwandishi anasema ndiyo raha yake.

Nilimpelekea Madam Esi, nikamuuliza kama nimeelewa sawa, kwamba jumba linaweza kuanza kwa uso na kufuatwa na nyuma yake. Alisema nimeelewa sawa ila nyuma ndiyo huwa inatangulia. Nikamwambia hata kwetu nyuma ilitangulia. Bibi amekuwa pale muda wote.

Basi nilichora. Si vizuri sana, lakini mara hii nilichora nyuma. Kati ya ukuta wako na mlango wa Bibi nimeweka ukumbi mmoja tu. Hauna ghorofa. Paa linaanzia juu nyuma ya vilele vyako na kushuka hadi kwenye bati la Bibi. Yale madirisha ya juu, ambayo hayana chumba na yalikuwa yanatia watu kicheko, yanaleta mwanga ndani ya ukumbi kutoka juu, kama kwenye kumbi zile za zamani. Ubavuni, upande wa miti ya mapeasi, nimeweka lile dirisha refu ulilonunua kwa ajili ya ngazi. Ngazi haipo, kwa hiyo dirisha halina kazi nyingine isipokuwa kukutazama wewe na Babu. Na kwenye ukuta wa nyumba ya Bibi nimeweka meko yenye dohani. Ya matofali. Nimeandika neno hilo kwa herufi kubwa na kulipigia mstari.

Jumapili baada ya ibada tulipiga simu. Mama aliiweka sauti ya wote. Upande ule walikuwa wamekaa jikoni kwa Bibi, baba mdogo, fundi Mgaya na Bibi mwenyewe, anayeongea na simu kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Kamwene, kamwene, tulisalimiana mpaka nikadhani salio litakwisha. Halafu baba mdogo akasema kwamba kesho vijana wanakuja na nyundo.

Nilimwomba Mama ruhusa ya kusema. Alinitazama sana. Alisema, sema, lakini usimjibu baba yako mdogo, mweleze tu.

Nilieleza. Kuna mahali nilirudia sentensi mara mbili. Baba mdogo aliniacha nimalize, halafu akasema, haya, injinia wa Uchina ametuletea jumba la karatasi. Akaniuliza kwa utani kama nimesahau kuweka chumba cha mbwa. Fundi Mgaya yeye alikohoa akasema paa la kulala upande mmoja si kazi kubwa, hata mwanafunzi wake anaweza, ila asingependa kuingia kati ya ndugu.  Mimi niliijua sauti hiyo, ndiyo ile ya watu wazima wanaotafuta namna ya kukunyima kwa upole.

Kisha Bibi akauliza swali. Aliuliza, "Hao Wazungu wako, mjukuu wangu, moto wao ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, mwanzoni ulikuwa katikati, chini, wote wameuzunguka, moshi ukitokea darini.

Bibi alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. "Sasa hilo si ndilo jiko langu hili?"

Halafu alisema yale ambayo hakuna aliyekuwa amefikiria kumwuliza. Kwamba tangu ukuta usimame, upepo wa barabarani haumpati tena. Kwamba maharage yake yanakauka nyuma ya ukuta bila kupeperushwa, kwamba ng'ombe anajibanza hapo, na kwamba yeye anakaa kwenye kivuli cha ukuta mchana na mbele ya mlango wake jioni. Aliyemwambia Eze kwamba ule ukuta ni wa aibu ni nani? Alisema, "Mwanangu alinikinga upepo. Nyinyi mnataka kunifunulia?"

 Ningependa kukwambia kwamba baba mdogo aliungama au alilia, lakini hapana, unamjua ndugu yako. Aliuliza tu, na fremu za maduka je? Na hapo, Baba, sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwambia madirisha ya chini ya upande wa kulia ni mafupi, ukisimama nje yanaanzia kifuani kwako, na nyuma yake panatosha chumba kidogo cha bidhaa. Mtu anaweza kuuzia sukari pale bila kubadilisha kitu. Duka moja, si manne, lakini lenye upinde juu na mapambo ya jiwe.

Fundi Mgaya akaangua kicheko. Akasema kweli, yamekaa kidukaduka tangu mwanzo, ndiyo maana yalikuwa yanamsumbua. Mama naye akacheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Sikuwa nimemsikia akicheka kitambo. Nyundo hazikuja Jumatatu.

Kwa hiyo uso wa nyumba yako umesimama. Madirisha yanaondoka Nansha. Mama mwenyewe alimpigia wakala, akamwambia mzigo unaingia, kwa ile sauti yake ya zamani ya ualimu. Fundi anasema kwa matofali yaliyobaki na mabati anaweza kuezeka ukumbi kabla mvua haijakolea, vingine vitafuata vitakapofuata. Hata wale wa Uingereza walikwenda hivyo.

Ila dohani, Baba. Narudi kwenye dohani kwa sababu nalazimika kuzipita kila nikitoka nje. Mama alimpigia yule mama mwenye kiwanda, amwombe azichukue. Akasema meiyou, hakuna namna, kitu cha oda hakirudi. Mama akamweleza kwamba wewe umefariki.  Yule mama akasema pole, na kwamba anakukumbuka vizuri, kwa sababu lile doa la moshi ulilikataa na kulirudisha, ukalikataa tena. Halikuwa jeusi la kutosha. Ulikuwa umempelekea picha ya dari la jiko la mama yako na kumwambia moshi unaonekana hivi.

Sijui nifanye nini na habari hiyo. Ulikuwa unajua moshi wa Bibi hadi rangi yake, ukauchora kwenye plastiki. Nimekasirika, na kila nikijaribu kuendelea kukasirika naiona picha hiyo, wewe jikoni kwa Bibi umeinua simu juu, unapiga picha masizi.

Tumeamua moja iende na kontena. Bibi anasema ikilazwa chini kuku watataga humo bila kunyeshewa. Ya pili tumeshindwa kukubaliana. Mama anataka itupwe. Jirani ameomba tuiache pale koridoni kwa ajili ya miavuli.

Mimi nimepata alama nzuri kwa Madam Esi. Aliandika pembeni kwamba sura ya mwisho, kuhusu nyumba isiyo ya Uingereza, haikuombwa, na kwamba ndiyo aliyoisoma mara mbili.

Natamani ungekuwepo nikugombeze. Ningekugombeza kwa heshima, nikiwa nimekaa, lakini ningekugombeza vya kutosha. Nakukumbuka asubuhi zaidi, wakati wa kuvaa viatu.

Likizo ikifika tunakwenda Njombe, Mama amekwisha sema. Fundi anasema dirisha la kule kwenye mapeasi tutaliweka nikiwepo. Ana tepu, na nimemwambia aitumie. Lakini likishawekwa nitasimama kando yake, wima, bila kucheka, mikono mbavuni, na Mama atapiga picha, ili ujue nimefika wapi. Na kwenye mlango wa jikoni hapa nimeweka alama mpya juu ya yako. Nitaweka nyingine kila mwaka, kwa sababu kuna mtu alitakiwa kufanya hivyo.

Pumzika, Baba. Mbele ulimaliza. Nyuma tunaweka wenyewe, na ninakuahidi moto utakuwa wa kweli.

Mwanao,
Faraja